Farasi wa Machimbo ya Mawe

Enzi za Mjerumani, reli ndogo ya kubebea mawe ilipita nyuma ya tembe letu. Kazi ya machimbo ilipokwisha waling'oa vyuma, wakavipeleka magharibi. Likabaki tuta tupu, na farasi mzee aliyekuwa akivuta toroli. Msimamizi alimwachia baba, maana baba ndiye aliyemlisha. Mimi nikawa nampanda kila siku, wanawake kisimani wakinicheka: "We mtoto, nani atakuoa, unanuka farasi!" Majina yao wote ninayo, sitayataja.

Siku hiyo kwetu jua lilikuwa kali, lakini milima ya mashariki ilikuwa nyeusi, inanguruma. Dada yangu alikuwa ng'ambo ya korongo na mbuzi wetu wote, na jioni hurudi kwa kukatiza mchangani, chini ya korongo. Korongo lile hujaa kwa mvua iliyonyesha mbali. Aliye chini huyaona maji yamekwisha kumfikia. Baba akanirusha mgongoni mwa farasi. "Mwambie apite daraja la reli! Mchangani asishuke!"

Basi tukaondoka! Tuta limenyooka, halina mwiba, upepo umenijaa masikioni, napiga kelele kwa raha, na hofu ipo hapohapo. Mara farasi akasimama. Pale ndipo walipokuwa wakipakia mawe. Nikampiga visigino, nikambembeleza, wapi! Alikuwa anangoja mzigo. Kando ililala toroli mbovu ya chuma. Nikashuka, nikatupia jiwe ndani, ngaa! Farasi huyoo, kaondoka bila mimi! Nikamkimbilia, nikadandia.

Aliposimama tena hapakuwa na toroli. Safari hii sikushuka. Nikagonganisha bangili zangu za chuma, mkono kwa mkono, kwa nguvu zote. Akatoka mbio!

Kufika darajani, dada yule kule, mbuzi wa mbele wameshakanyaga mchanga.

"Dada! Rudi! Maji!"

"Maji gani na jua hili? Hebu shuka huko juu, bi harusi!"

"Sikiliza basi!"

Akatega sikio. Upande wa juu wa korongo kulikuwa kunavuma. Alivyogeuka! Akawachapa mbuzi, akawapandisha tutani. Mimi nikavuka kumlaki, tukawasukuma darajani huku maji mekundu yakifika na magogo yake. Wa mwisho alipovuka, dada akakaa chini, anacheka, analia.

"Kibuyu cha mama nimekiacha mchangani. Leo atanichapa."

"Mwache akuchape," nikamwambia, nikamkumbatia.