Kamera Moja ya Kwenda Maskati

Nakumbuka siku moja ya ujana wangu, mwanangu, likizo ya Desemba iliyopita, nilipokuwa bado mtoto wa kidato cha pili. Sasa niko cha tatu, nina miaka kumi na saba, na hekima inanitoka usoni kama chunusi.

Bibi yangu alikuwa anakwenda Maskati kumwona dada yake, waliyeachana naye tangu wakiwa wasichana, nami nikachaguliwa kumsindikiza. Bibi hajapata kupigwa picha kwa hiari yake. Hata ile ya kitambulisho hajaisamehe. Safari hii akaniahidi: "Moja tu. Mimi na dada yangu. Ya pili sitaki kuisikia."

Ukipewa nafasi moja, mwanangu, unataka kubeba dunia. Nikapakia kamera mbili, lenzi nne, taa mbili na stendi ya miguu mitatu, nusu yake nimeazima kwa mpiga picha wa harusi pale mtaani Langoni. Lakini kwetu unakujua: mtu akienda Uarabuni, mtaa mzima humtwika vya jamaa zao. Achari, papa mkavu, mikate ya mofa. Hakuna aliyeniuliza kama mkoba una nafasi.

Kwenye uwanja wa ndege wa Manda, mpima mizigo akasema tupunguze. Ami Twahiri, aliyekuja kutuaga, akatia mkono mkobani.

"Toa mazagazaga haya. Achari ni amana ya watu. Na Maskati kila mtu ana simu."

"Ami, mtoe papa. Yeye hana haraka, ameshakufa."

Bibi akanitazama. "Una mato mangapi wewe?"

"Macho mawili, Bibi."

"Na ukipiga picha hufumbi moja? Basi hayo mengine yote wambebea nani?"

Nikamkabidhi Ami stendi, taa, lenzi tatu na kamera kubwa. Ndogo nikaivaa shingoni.

"Hata hiyo vua," akasema.

"Hii sivui, Ami. Labda nibaki nayo hapa hapa Manda."

Bibi hakusema neno, na nyumbani kwetu hicho ni kibali chenye muhuri.

Maskati mlango ulifunguliwa kabla hatujabisha. Bibi na dada yake wakashikana nyuso bila hata salamu, nami nikabonyeza mara moja. Punde tu Bibi akavuta buibui usoni: "Basi." Ningekuwa na vile vifaa vya kuazima, ningekuwa bado nahangaika na miguu ya stendi.

Sasa Ami anataka nakala aitundike sebuleni. Bibi kaniachia niamue. Nimemwambia Ami kwamba Maskati kila mtu ana simu, akaulize huko. Nitampa siku ya Idi, akinibembeleza vizuri.

Basi, mwanangu, ukisafiri beba kamera moja, lenzi moja na betri ya akiba. Acha nafasi ya achari, maana utaibeba utake usitake. Lakini hiyo kamera moja, akija ami, mwalimu au mpima mizigo kukuvua, kataa. Kataa kwa adabu. Adabu ikikuishia, kataa vivyo hivyo. Mola akupe mkoba mwepesi na kichwa kigumu, na bibi wa kunyamaza upande wako. Amin.