Mbweu za Askofu

Jirani yangu Ewen Strachan amefuga kondoo hapa mkoani Southland miaka arobaini na miwili, na katika muda wote huo sijamsikia akikubaliana na serikali hata mara moja, hata ilipotangaza sikukuu. Basi ilipoleta mpango wa kutoza kodi gesi wanayobeua ng'ombe na kondoo, kwa kuwa inaongeza joto la dunia, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwasha trekta na kwenda kuandamana mjini Gore.

Mkewe, Noeline, hakwenda. Yeye ndiye anayezungumza na wanunuzi wa madume yao ya mbegu, na wanunuzi walikuwa wameanza kumuuliza swali jipya: dume huyu anabeua kiasi gani? Akaagiza trela la kupimia, bila kumwambia mumewe.

Lilifika Jumanne asubuhi, na mpimaji wake, binti mmoja aitwaye Hinewai. Trela lina vyumba vidogo. Kondoo hufungiwa humo kama saa nzima, kila mmoja chumba chake, mashine ikipima anachotoa.

"Nani kakuita?" Ewen akamuuliza.

"Mama, mzee."

Mama alikuwa ameshaingia jikoni.

Ewen akapima mambo, akaona kumfukuza mgeni si uungwana. "Haya. Anza na Askofu. Uone kondoo aliyelelewa vizuri."

Askofu alikuwa roho yake. Dume huyo alifiwa na mama yake kwenye theluji angali mchanga, Ewen akamnywesha maziwa kwa chupa, akamlaza karibu na jiko hadi akapona. Kumbe Noeline naye, upande wa nyuma, alikuwa akimsukumia Hinewai dume mwenye sikio lililopinda, ambaye Ewen alishamtenga apelekwe machinjioni.

Majibu yalipofika, nilikuwa kwao nakunywa chai.

"Kati ya madume sitini," Noeline alisoma, "anayebeua kuliko wote ni Askofu."

"Mashine mbovu."

"Na anayebeua kidogo kuliko wote ni yule wa sikio."

"Mbovu sana."

"Pengine Askofu aliingiwa na wasiwasi," nikasema. "Hata mimi ukinifungia kwenye sanduku..."

Ewen alinitazama, akatoka nje. Tulimwona dirishani ameegemea uzio, anamkuna Askofu kichwani.

Lakini wa sikio hakupelekwa machinjioni. Alipandishwa kwa majike thelathini, Ewen akituambia ni kwa ajili ya sufu tu. Wana wake walipokua na kupimwa, walitoka kama baba yao, na wanunuzi wakaja hadi kutoka mkoa wa mbali wa Canterbury.

Kisha serikali ikabadilika, mpango wa kodi ukawekwa kando. Nilikwenda kumpongeza Ewen, nikamkuta amenuna.

"Umeshinda, bwana," nikamwambia.

"Nimeshinda nini? Mimi nimehangaika kupunguza mbweu, wao wanaahirisha. Watu hawa hawana msimamo kabisa."

"Si wewe uliyeandamana?"

"Niliandamana kupinga kodi. Nani alisema napinga kondoo bora?"

Noeline akajifanya anatafuta kijiko.

"Na kondoo wako je," Ewen akaniuliza, "umeshawapima?"

Nikamwambia bado. Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, kisha akanisogezea sahani ya biskuti.