Msumari wa Mlango wa Jikoni

Fundi anayepaka rangi nyumba ya mama ameniuliza kama aung'oe msumari ulio kwenye mwimo wa mlango wa jikoni. Nimemwambia auache, apake kuuzunguka.

Zamani simu ya nyumbani ilitundikwa hapo, ndani ya mfuko wa plastiki ulionuka moshi, kwa sababu kwetu Ileje mtandao ulishika kwenye msumari huo tu. Barabarani nako ulishika mahali pamoja, kwenye kona kali juu ya bonde. Baba akirudi na pikapu kutoka Tunduma, mimi na kaka yangu tulimpigia mfululizo. Asipopatikana, tulijua bado yuko mbali. Simu ikiita, amefika kwenye kona, na mama anaanza kusonga ugali.

Siku hiyo nilipanda juu ya kigoda nikapiga mimi. Ikaita, akapokea.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Sijambo. Umeninunulia biskuti?"

"Ninazo hapa. Ngoja uzisikie."

Pakiti ikachakarika karibu kabisa na sikio langu, nami nikacheka. Simu mkono mmoja, biskuti mkono wa pili. Hilo nililiwaza nikiwa mtu mzima. Kisha nikasikia honi ndefu ya lori, kishindo, halafu kimya.

Mama akauliza kutoka jikoni, "Ameshafika kwenye kona?"

Nikasema ameshafika. Akasonga ugali wa watu wanne.