Mama Alipoacha Kugonga Dirisha

Marehemu mama yangu alipokimbia vita kijijini kwake Fataki na kuhamia kwetu mjini Bunia, alikuja na mabeseni mawili, Biblia, na desturi moja ambayo nilijaribu kuifuta kwa nguvu zote za shahada zangu. Kila asubuhi, kabla pikipiki hazijaanza kelele zake barabarani, alitoka kwenye kijumba chake cha nyuma, akavuka ua, akagonga dirisha langu kwa kidole.

"Papa, umelamuka?"

Aliniita papa kwa sababu nilirithi jina la baba yake. Hakuondoka mpaka nijibu, na kuguna hakukutosha. Alitaka neno zima: "Nimelamuka, mama." Ndipo alipokwenda kwenye dirisha la watoto.

Mimi hufundisha mantiki chuoni, kazi inayomfanya mtu achoshe nyumbani. Nilimweleza kwamba swali lake lina kasoro: aliyeamka halihitaji, asiyeamka hawezi kulijibu. Alinitazama kwa huruma aliyokuwa akiwatazamia ng'ombe wagonjwa.

"Masomo ilikukula kichwa," akasema. "Mwenye hajibu, huyo ndiye niko natafuta."

Siku moja, nikiwa nimechoka kusahihisha mitihani, nilimjibu vibaya kupitia dirishani.

"Mama, acha hiyo kitu! Nitalamuka tu. Niko mutu muzima."

Akaondoa kidole dirishani. Kisha: "Sawa, profesere."

Kesho yake hakuna aliyegonga. Niliamka jua likiwa limeshafika kwenye chandarua, nikajinyoosha kama mtu aliyeshinda kesi. Mke wangu alikuwa anafunga kitenge chake. Akasimama.

"Mama alipita?"

Nilitoka pekupeku, na kaptula ya kulalia yenye tundu mahali pabaya. Mlango wa kijumba ulikuwa umefungwa. Nikagonga.

"Mama? Umelamuka?"

Hakujibu. Nikagonga tena, nikaita tena. Hapo nikakumbuka jambo alilowahi kutusimulia mezani. Miaka ile mibaya ya vita kule kwao, kila asubuhi majirani walipita nyumba kwa nyumba wakiulizana swali hilohilo. Nyumba isiyojibu, walivunja mlango wake kuona kama wamo hai. Siku aliposimulia, mimi nilimwomba anisogezee bakuli la sombe, ile mboga ya majani ya muhogo.

Nikaupiga mlango kwa bega. Haukuwa na komeo. Nikaingia nao mpaka chini, kati ya mabeseni.

Mama alikuwa ameketi kitandani, amevaa vizuri, kitambaa kichwani, mikono ameikunja kifuani.

"Mama! Uko unanisikia, hujibu?"

"Weye si ulisema niache?"

"Nilifikiri..."

"Najua ulifikiri nini. Nilitaka usikie vile inauma."

Nilitaka kukasirika, na nilikuwa na hoja nzuri kabisa. Badala yake nikalia palepale sakafuni, mwanaume mwenye mvi, goti linatoka damu. Mke wangu alifika mlangoni, akamtazama mama, akanitazama mimi, akarudi zake kuwasha makaa. Mama alivumilia kidogo, halafu kicheko kikamshinda.

"Simama, papa. Unanivunjia beseni."

Siku hiyo nilikuwa na somo la asubuhi. Sikwenda. Wanafunzi wangu nadhani walimshukuru Mungu. Mama alileta maharage, tukakaa kizingitini tukiyachambua, yeye akitupa nje mawe, mimi nikitupa maharage mazuri hadi akaninyang'anya ungo. Akaanza kusimulia jinsi baba alivyokuja kumposa kwao Djugu. Hadithi hiyo nilikuwa nimemkatiza mara nyingi nikisema naijua.

Sikuijua. Mara zote nilimkatiza kabla baba hajafika nyumbani kwao, na kumbe siku ile alikosea njia, akaingia kwa jirani, akala, akashiba, akaanza kumposa binti asiye wake.

Sufuria ya maharage ilipochemka, mama alikuwa bado anasimulia. Nikamwomba aanze tena, polepole.