Kahawa ya Siku ya Kipimo

Mume wangu Uweso alikuwa na mwili wa kuonewa wivu mtaa mzima wa Ngamiani. Robota la mkonge analitia begani huku anaimba. Kiwanda cha kamba kilipofungwa, alikaa bila kazi hadi tukauza kitanda. Kisha akaja mwenye mali mpya, maana siku hizo viwanda vilikuwa vinauzwa kama nazi, akatangaza atachukua watu wachache, na kila mmoja apimwe mwili kwanza.

Uweso akajiandaa. Alfajiri anakimbia mpaka pwani ya Raskazoni, akirudi anaruka kamba uani, anainama mpaka viganja vinagusa ardhi. "Nguvu, pumzi, wepesi wa viungo, vyote ninavyo, Mastura." Nami nikaamini, hatukuwa na pengine pa kuegemea.

Asubuhi ya kipimo, si akapitia barazani! Huku kwetu mtu akikununulia kahawa hukatai, utaambiwa una kiburi. Sele, rafiki yake wa kufa na kuzikana, aliyekuwa akienda kupimwa naye, akamnunulia. Uweso akamrudishia. Wazee nao wakawanunulia wote wawili, eti wapate nguvu. Kahawa chungu ile, kikombe juu ya kikombe! Walipofika kiwandani, Daktari Laurenti wa kiwanda akawashika mkono kupima mapigo kabla hawajanyanyua hata kijiti, akakuta mioyo inawaenda mbio. Akawatoa nje.

Aliponieleza, wallahi nilitamani kummwagia birika zima. Nikajitanda kanga, nikamburuta mpaka getini kiwandani.

"Daktari, mume wangu hana ugonjwa, ana ujinga! Amekunywa kahawa."

Daktari akacheka. "Haya, kesho aje bila kahawa. Imebaki nafasi moja tu."

Nikashusha pumzi. Kumbe bwana wangu hajamaliza.

"Daktari, Sele naye alikunywa kahawa hiyo hiyo."

Nikamfinya. Nikamfinya tena, kwa kucha.

"Basi naye aje," daktari akasema.

Kesho yake nilisimama nje ya seng'enge. Wakapimwa wakiwa wamekaa, mioyo shwari. Wakabeba marobota, wakapanda na kushuka benchi mpaka jasho likawatoka chururu. Kisha wakakalishwa.

"Sasa ndiyo kipimo chenyewe," daktari akasema. "Moyo wa mtu mwenye siha, kazi ikiisha, hutulia upesi."

Akashika mkono wa huyu, akashika wa yule, jicho kwenye saa. Moyo wangu mimi ulikuwa unanidunda mpaka masikioni. Nikasoma kila dua niijuayo.

Uweso ndiye aliyebeba mengi. Lakini moyo wa Sele ndio uliotangulia kutulia.

Njia nzima nilimtukana. "Mpumbavu wewe! Nani alikutuma umtaje?"

"Ningemtazamaje usoni, Mastura?"

Nikalia barabarani bila haya, watu wananiangalia.

Mwisho wa mwezi Sele akaja kutujulia hali, buti za kiwanda miguuni. Akasimama mlangoni, hajui aingie au arudi. Roho iliniwaka, siwezi kusema uongo.

"Ingia, yakhe, umesimama kama mgeni," Uweso akamwambia. Kisha akanigeukia, akanitazama.

Wali wenyewe ulikuwa wa watu wawili. Nikawapakulia wote katika sinia moja, nikasema mie nimeshakula.