Matumbawe ya Fundi wa Malvern

Wasomaji wangu wa siku nyingi mtaniwia radhi, leo nina tanzia tena. Fundi cherehani mmoja Mkongo, mwenye duka lake dogo kule Malvern, barabara ya Jules, amefariki kwa maradhi ya moyo na Jumamosi tukamzika. Nimechoka kuzika watu katika mji huu wa Johannesburg, na huyu amenichosha zaidi, kwa sababu nilikuwa na neno la kumwambia na sikulisema.

Wateja walikuja kupunguza suruali wakaishia kukodolea macho tangi la kioo nyuma ya cherehani zake, ambamo alifuga matumbawe hai, ya zambarau na ya kijani, yakichanua mchana chini ya taa. Mtu wa Lubumbashi, aliyeiona bahari kwa mara ya kwanza Durban akiwa na miaka arobaini! Alianza na vipande viwili alivyopewa na mteja aliyekuwa akihama, akavilea kwa nidhamu ile ile ya kazi yake: joto lisibadilike, pampu ya kuzungusha maji isilale, chumvi ipimwe kila asubuhi. Juu ya kioo alibandika kipande cha futi yake ya kitambaa, aone maji yameshuka kiasi gani, maana hewa kavu ya huku hunywa maji kwelikweli.

Mwaka 2015 alifiwa na mama yake, akanikabidhi funguo kwa wiki tatu, akiniita Yaya, yaani ndugu mkubwa, kama wasemavyo kwao. "Yaya, maji ikishuka, ongeza ya pipa ya ku mulango, ile haina munyu. Ile ingine ya munyu usiguse, nitabadilisha mi mwenyewe nikirudia." Nikamwitikia, moyoni nikimcheka. Mimi mzaliwa wa Tanga nifundishwe bahari na mtu wa bara? Viumbe vya baharini uvitilie maji ya kunywa? Nikawa natia ya chumvi, kila siku. Siku ya tano matumbawe yakajikunja. Nikadhani yana kiu ya bahari, nikazidisha. Nimekulia jirani na mashamba ya chumvi, nikiona kila kiangazi jua linavyochukua maji na kuiacha chumvi pale pale, na bado hilo halikunijia. Aliporudi, karibu yote yalikuwa meupe pe. "Umeme ulikatika, fundi," nikasema. "Eish, hii loadshedding," akajibu taratibu, akavua koti la msiba na kuanza kuyatoa yaliyokufa, moja moja.

Uongo ule haukunitoa hata jasho. Mwaka ule mgao wa umeme ulibebeshwa dhambi za mji mzima: aliyechelewa kazini, aliyeunguza wali, msusi aliyemwacha mteja nusu kichwa, wote umeme. Na sisi wageni ndio hodari zaidi wa visingizio, maana ugenini kila mtu anataka aonekane mjuzi wa jambo fulani, hata liwe moja. Nikaendelea kumtembelea kwa miaka minne, nikinywa chai yake na kuulaani mgao mbele ya tangi alilolianza upya. Naona aibu kuyaandika haya.

Matangani mjane wake aliniketisha kando. "Shemeji, alijuaka. Ile siku alirudia, alipima maji, akaona munyu imepita. Akaniambia: tumungoje, atasema ye mwenyewe." Aliponiona nimeinamisha kichwa, akaongeza, "Kila mara ulikuja, alikuwa anangoja."

Wahenga walisema mficha maradhi, kilio kitamfichua. Mimi nimefichuliwa kilioni hasa, mbele ya jeneza la mtu aliyenistahi kuliko nilivyojistahi mwenyewe. Ilikuwa sentensi moja tu, na mwenye haki ya kuisikia hayupo. Nimebaki kuwaambia ninyi ambao sikuwakosea. Ukimkosea mtu, ndugu yangu, nenda kamwambie leo, hata kama unaamini hajui. Huenda anajua, na anakungoja.