Jirani Aliyeniokota Jalalani

Njaa iliingia kwetu mwaka baba alipokufa, nikiwa na miaka saba. Mchana mmoja, jikoni kumejaa moshi wa samaki za Kasenyi, kule ziwani, nilimuuliza mama kwa nini wananiita Jalala. Jirani aliyekuwa anamsuka akacheka: «Weye mutoto, mama yako alikulalisha kwa jalala. Ni miye nilikuokota.» Mama hakukataa. Basi nikajua alinitupa. Sikulia, nilikula samaki yangu.

Juzi binti yangu, aliyekwisha kuzika watoto wawili, alimlaza wa tatu juu ya takataka nyuma ya nyumba. Jirani yake akamwokota, ili kifo kimdharau, kimpite. Nilisimama nikitazama. Mama naye alizika wanne kabla yangu.

Leo niko na nyumba ya matofali, ng'ombe, duka sokoni Bunia, na mjukuu anayeitwa Jalala. Ananyonya vizuri.